Karatasi ya Siku Saba

Galbet, Garissa
4 Agosti 2025

Kwa Liban, mtoto wa kaka yangu,

Asalaam aleikum. Kama baridi ya huko Ol Kalou haijakugandisha vidole, fungua barua hii polepole. Nimeiandika kwa siku nne na sitaki uisome kwa dakika mbili.

Ndiyo, ni mimi, eedo yako Rukiyo, shangazi anayekuita nawe eedo. Hakuna karani aliyeniandikia. Najua umeigeuza bahasha mara mbili kutafuta jina la mtu mwingine. Shangazi yako ana miaka hamsini na minane na ameingia ngumbaro, darasa la watu wazima. Tunasoma alasiri katika kanisa la mabati lililo nyuma ya nyumba yetu, kwa sababu ndilo jengo pekee hapa lenye mabenchi yanayokaa bure siku za kazi. Tuko wanawake kumi na tisa. Kumi na mmoja ni sisi Waislamu, wengi wetu wauza maziwa, na wanane ni Wakristo wa bara. Mwalimu wetu ni Mwende, mke wa Mchungaji Kimanzi. Ametuambia zoezi la kweli ni kumwandikia mtu wa kweli, naye akujibu. Kwa hiyo simu tuiache kwa misiba na Idi. Mengine utaniandikia, na kwa herufi kubwa.

Mwanzoni watu walisema tunabatizwa. Sheikh Shuaib wa msikiti wetu akaja mwenyewe kuchunguza. Alikaa benchi la nyuma somo zima, mkono kidevuni, kisha akamwambia Mwende kwamba neno la tatu ubaoni limekosa herufi. Ijumaa yake akawaambia watu msikitini, "Kama herufi zinabatiza, basi mimi nilibatizwa shuleni Balambala nikiwa na miaka saba." Wiki iliyofuata mkewe akajiandikisha.

Yeye na mchungaji wamekuwa kama mapacha. Jumapili vijana wa msikiti husimama kwenye lango la kanisa kukagua wanaoingia. Ijumaa, tunapojaa hadi barabarani, vijana wa kanisa huzuia magari. Wakipishana kwa jambo, hupigiana simu kabla ya watu kuanza kuongea.

Mama yako Balambala ni mzima, mbuzi wake wanne wamezaa. Mwanangu Ayanle anachora mabango ya maduka kule mtaa wa Iftin. Mwezi huu ameandika hoteli mbili na duka la dawa, na anatembea kama aliyejenga hayo majengo. Yeye ana miaka ishirini na sita, wewe ishirini na tisa, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniletea mkwe. Nimeandika hilo mwenyewe, bila msaada wa mwalimu.

Eedo yako,
Rukiyo Duale


Ol Kalou
19 Agosti 2025

Eedo mpendwa,

Wa aleikum salaam. Barua yako ilikaa posta siku tisa, au tuseme "bosta", kama ulivyoandika juu ya bahasha. Mwambie Mwalimu Mwende kwamba shangazi yangu anaandika anavyosema, na asimbadilishe sana. Nilikusikia kabisa humo ndani.

Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilitafuta makosa, mara ya tatu nikafunga mlango kwanza. Zaidi ya hapo sisemi.

Mimi ni mzima. Kazi ya daktari wa mifugo ni ng'ombe asubuhi, ng'ombe jioni. Ungewaona wa huku, Eedo: wanene, weupe na weusi, wanalala kwenye majani makavu kama wageni wa heshima. Nikiwaambia wakulima kwamba kwetu ngamia hukaa wiki bila maji na bado akakupa maziwa, wananiangalia kama mwongo. Mama Wangari mwenye nyumba huniombea kila jioni kwa jina, na kwa sauti, ili nisikie. Ameniuliza kama Waislamu hula viazi. Nilikubali haraka mno, na sasa ndicho chakula changu cha kila siku.

Msalimu Ayanle. Mwambie akimaliza kujenga Iftin aje anichoree kibao cha mlangoni, maana wakulima bado huniita "yule daktari mrefu". Habari za mkwe zitakuja. Usimwandikie mtu mwingine barua ya aina hiyo.

Mwanao,
Liban


Galbet, Garissa
9 Septemba 2025

Liban, eedo,

Asalaam aleikum. Mama yako hajambo. Mbuzi mmoja alikufa, watatu wako sawa. Joto limerudi na maji ya bomba hayajarudi.

Sasa sikiliza. Jumanne ya tarehe mbili nilifika sokoni na madumu yangu ya maziwa nikakuta wanawake wamesimama wakizunguka karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo. Wakasema, "Rukiyo, wewe siku hizi unasoma, tusomee." Nilifurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Nikanyoosha mtandio wangu, nikasoma kwa sauti kama tunavyosoma darasani, neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Nilipofika mwisho ndipo nikaelewa nilichokuwa nasoma.

Iliandikwa: Ninyi watu wa bara mlio Galbet, mna siku saba. Kanisa lifungwe. Atakayebaki asilaumu mtu.

Wanawake wawili wa bara walikuwa hapohapo, wamekuja kununua maziwa. Walinisikia mimi nikiwafukuza kwa mdomo wangu.

Nyingine ilikuwa kwenye mlango wa kanisa. Kufikia alasiri Mwende alikuwa amepanda na watoto basi la Mwingi, kwao. Familia nane zimeondoka. Mzee Mutiso, yule fundi cherehani, ameacha kanzu ya Sheikh Shuaib imekatwa bila kushonwa. Darasa limefungwa. Makosa yote ya barua hii ni yangu.

Kesho yake polisi walitaka kufanya msako wa vijana wote wa mtaa. Unajua misako. Sheikh na mchungaji walikwenda kwa mkubwa wao pamoja, wakaingia mlango mmoja. Mchungaji akasema yeye ndiye aliyetishwa, na hataki watoto wa majirani zake wapigwe kwa jina lake. Wakaomba muda watafute wenyewe. Wamepewa, lakini si mwingi.

Siku saba zimeisha leo. Mchungaji hakuondoka. Sheikh Shuaib amehamishia darasa lake la Kurani la alasiri kwenye baraza ya mchungaji. Watoto thelathini wanasoma alif na ba mlangoni kwa mchungaji, naye anasema kelele zao zimemfanya asahau kuogopa. Sheikh anasema ndiyo sababu aliwachagua wenye sauti kubwa.

Huku ndiko tuliko. Kula vizuri.

Eedo yako


Ol Kalou
22 Septemba 2025

Eedo mpendwa,

Wa aleikum salaam, na poleni sana. Nimesikitika. Poleni na mbuzi pia. Je, goti lako? Je, jirani Batula amejifungua? Na yule paka mwizi wa maziwa bado anaishi kwako bila aibu?

Mimi sijambo. Mvua inanyesha kila siku hapa, ni dhambi hata kuwaandikia watu wa Garissa. Jana tulipika viazi tena. Vimetuchosha kabisa, lakini Mama Wangari analeta debe zima na huwezi kumkatalia mama wa watu. Tumejaribu kuvitia bizari, tumejaribu kuvikaanga. Kiazi kinabaki kiazi.

Kuhusu ile karatasi, wamejua nani aliandika? Je, polisi bado wanataka kufanya msako? Nauliza tu. Inaonekana ni karatasi ya mtu aliyefanya mzaha mbaya, asiyejua uzito wa alichoandika. Labda ingefaa jambo hili liachwe lipoe lenyewe, maadamu siku saba zimepita na hakuna aliyeumia.

Mwanao,
Liban


Galbet, Garissa
1 Oktoba 2025

Liban,

Umeuliza goti langu. Umeuliza Batula, na amezaa msichana. Umemuuliza hata paka. Tangu uanze kuzungumza hujawahi kunisalimia bila kumuuliza Ayanle, na safari hii hukumuuliza.

Jambo la pili. Mwende alitufundisha siku ya kumi: ni- ni mtu mmoja, tu- ni watu wengi. Mwaka mzima umekuwa ukiniambia kwa simu unaishi peke yako. Umeandika "tulipika". Umeandika "vimetuchosha". Umeandika "tumejaribu". Nimehesabu tatu. Wewe ni daktari uliyesoma chuo kikuu, mimi ni mwanafunzi wa ngumbaro wa miezi michache, na nimekukamata kwa herufi mbili. Mwambie huyo mwingine hapo kwako kwamba mama yake anamsalimia.

Sasa nikuambie na mimi nisilokuandikia.

Ile karatasi niliijua siku ileile. Si mara moja, kwa sababu nilikuwa nahangaika na maneno. Nilipomaliza kusoma nikaziona herufi zenyewe. Mkia wa g unaorudi juu na kujikunja. Nimeuona kwenye hoteli mbili na duka la dawa. Nilirudi nyumbani nikamkuta Ayanle anafunga begi. Akasema amepata kazi ya mabango Wajir. Nikamwambia Mungu amtangulie. Nilimwambia hivyo, Liban, nikamfungia na sambusa, kwa sababu nilijua nikiuliza atanijibu.

Nilikaa na jambo hilo siku kumi na tatu. Kila siku nilipita mbele ya baraza ya mchungaji nikamwona yuko katikati ya watoto wa Sheikh, akinipungia mkono. Siku ya kumi na nne nikaenda kwa Sheikh Shuaib nikamweleza. Nikadhani atasema tulimalize sisi kwa sisi. Alivaa viatu vyake akaniambia, "Twende kwa mwenyewe." Basi tukaenda, tukakaa watatu, mimi, Sheikh na mchungaji, nami nikarudia yote.

Mchungaji alisimama akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu, hata chai ikapoa. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Aliuliza jambo moja tu: Ayanle ana miaka mingapi.

Niandikie. Sitaki simu kwa jambo hili. Siku hizi simu ina masikio mengi.

Rukiyo


Ol Kalou
9 Oktoba 2025

Eedo,

Yuko hapa. Alifika tarehe nne Septemba, miguu imevimba, na sambusa zako alikuwa hajazigusa. Alinisihi nisiseme. Mimi nami nilikuwa najua tayari kwamba nisipokuambia utahangaika, na nikikuambia utahangaika zaidi. Nikachagua viazi.

Lakini umefanya nini, Eedo? Nimeisoma barua yako nikaiweka chini nikatoka nje, kama huyo mchungaji wako. Umemtaja mwanao kwa mtu aliyetishwa. Akienda polisi kesho asubuhi, nani atamlaumu? Unajua vijana wetu wakichukuliwa kwa mambo ya namna hii. Wengine hawajaonekana mpaka leo, na mama zao bado wanazunguka vituoni na picha. Ungengoja. Ungeniuliza mimi kwanza.

Nimemlazimisha aseme. Kuna dalali wa viwanja anayekitaka kiwanja cha kanisa, kwa kuwa kiko mkabala na soko. Alimwambia Ayanle watu wa bara wakiondoka, mwenye kiwanja atakubali kuuza, na yeye Ayanle atapewa chumba cha mbele cha jengo litakalojengwa hapo afungue karakana yake ya mabango. Aliandika mbili, akazibandika mwenyewe kabla ya alfajiri. Nilimuuliza kama alijua anaandika nini. Akasema alijua, lakini aliona ni maneno tu, watu wangetishika kidogo kisha waondoke salama. Nilimpiga kofi. Mama Wangari akagonga ukuta akauliza kama tuko salama.

Hataki kurudi. Na mimi, sijui kama nataka arudi.

Liban


Galbet, Garissa
17 Oktoba 2025

Liban, eedo yangu,

Asalaam aleikum. Hasira yako nimeipokea, na ilifika haraka kuliko salamu zako zote. Naona posta inapenda ugomvi.

Kofi ulilompiga ni langu, nilikuwa nimelihifadhi. Basi tutahesabu limelipwa.

Unauliza kwa nini sikungoja. Siku kumi na tatu nilingoja, na siku hizo familia nane zilifunga virago. Tena vijana wa mtaa walianza kushukiwa mmoja mmoja. Mtoto wa jirani yetu Sirad aliulizwa maswali siku mbili kwa sababu tu ana ndevu. Ningemnyamazia wangu, wa wenzangu wakachukuliwa.

Na unauliza nani angemlaumu mchungaji akienda polisi. Hakuna. Yeye mwenyewe alitwambia kwamba usiku ule aliwaza hivyo. Lakini tangu nilipomweleza zimepita wiki nne, na hakuna gari lililosimama mlangoni kwangu. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu, "Mama Ayanle, ulikuja kabla sijajua nimchukie nani."

Nimewaonyesha barua yako. Ndiyo, na kile kipande cha viazi. Walihitaji kucheka kidogo. Habari ya dalali iliwaumiza zaidi ya karatasi, kwa sababu huyo mtu alikuja kumpa mchungaji pole. Sasa wanakuandikia wenyewe hapa chini. Mwandiko wa mchungaji ni mbaya kuliko wangu, usishangae.

*Ndugu Liban. Mlete Ayanle au aje peke yake, lakini aje kwa hiari. Tutakuwa darajani, kwenye kizuizi, tangu asubuhi ya siku mtakayotaja. Tutampeleka kituoni sisi wawili na tutakaa naye hadi maelezo yake yaandikwe na jina lake liingie kitabuni mbele ya macho yetu. Tumempata wakili. Mkubwa wa polisi tumemwambia yupo kijana atakayekuja nasi, hatujamwambia ni nani. Hatumwahidi kwamba hataadhibiwa. Tunamwahidi kwamba hatapotea.*
*Shuaib Halake, imamu. J. Kimanzi, mchungaji.*

Msomee Ayanle hiyo ya mwisho mara mbili.

Eedo yako


Ol Kalou
24 Oktoba 2025

Eedo,

Natuma hii kwa basi, siiamini posta.

Nilimsomea. Akaomba karatasi aisome mwenyewe, akakaa nayo kutwa nzima. Jioni akaniuliza mchungaji ana watoto wangapi. Nikamwambia sijui, kamuulize.

Atapanda Nairobi Jumanne, tarehe ishirini na nane, basi la asubuhi. Kazini wamenikatalia ruhusa, kwa hiyo nitamfikisha stendi tu. Mama Wangari amemwombea kwa jina, kwa sauti, na kumfungia viazi.

Liban


Galbet, Garissa
9 Novemba 2025

Liban, eedo,

Asalaam aleikum. Nimechelewa kuandika, na simu yako ya tarehe thelathini nilikujibu "yuko hai" kisha nikakata. Samahani.

Tulifika darajani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ingawa kila mtu anajua basi la Nairobi haliwezi kufika kabla ya adhuhuri. Sheikh alileta mkeka, mchungaji akaleta mwavuli, mimi nikaleta chupa ya chai. Maaskari wa kizuizini walituangalia, mmoja akauliza kama tunangojea maiti. Sheikh akamwambia tunangojea mtu mzima, na tunataka abaki hivyo. Ilipofika adhuhuri Sheikh akaswali kando ya barabara, mchungaji akamshikia mwavuli. Malori yalipunguza mwendo kutazama.

Basi likaja. Abiria wote wakashushwa na vitambulisho mkononi kama kawaida. Ayanle alikuwa wa mwisho. Amekonda. Aliponiona alikuja upande wangu, nami nikarudi nyuma hatua moja, kwa sababu nilijua akinifikia nitamkumbatia, na kulikuwa na mtu aliyestahili kufikiwa kwanza. Alisimama mbele ya mchungaji. Mchungaji akasema, "Umekula?" Ayanle akasema ana viazi. Liban, hapo nilicheka na kulia kwa mdomo mmoja.

Kituoni haikuwa rahisi. Ofisa mmoja alitaka kumchukua chumba cha nyuma na kutuambia turudi kesho. Mchungaji akakaa kwenye benchi. Akasema kwa upole kwamba yeye ndiye mlalamikaji, karatasi iliandikwa kumfukuza yeye, na mlalamikaji angependa kusikia. Sheikh akakaa kando yake. Hawakupandisha sauti hata mara moja. Walikaa hapo hadi jua likazama, wakala wali kutoka sahani moja, wakarudi asubuhi wakakaa tena. Siku ya pili wakili aliwakuta wamelala wakiegemeana, mdomo wazi wote wawili. Ayanle aliandika maelezo yake yote. Walipouliza kama anaweza kuthibitisha mwandiko ni wake, alisema mama yake anaweza.

Dalali alikamatwa Alhamisi. Alipoona karatasi zake mwenyewe za mauzo zimetolewa kwenye ofisi yake, hakubishana sana. Mtaa mzima umepumua. Vijana waliokuwa wakishukiwa wanatembea tena sokoni.

Ayanle ameachiwa kwa dhamana. Waliosimama kumdhamini ni Shuaib Halake na Josphat Kimanzi. Hakimu aliyasoma majina hayo mara mbili, akavua miwani. Kesi itaendelea Januari. Wakili anasema huenda akapewa kifungo cha nje, lakini anaweza pia kufungwa. Hatujui.

Kila Jumapili sasa yuko kwenye lango la kanisa na vijana wa msikiti. Si polisi waliomweka, wala Sheikh. Alikwenda mwenyewe. Jumapili ya kwanza wazee wawili wa kanisa walipita bila kumsalimia na akinamama watatu wakageuka kurudi nyumbani. Mchungaji alimwacha hapo, lakini pia hakuwakemea waliorudi. Aliniambia wana haki yao.

Eedo yako


Ol Kalou
20 Novemba 2025

Eedo mpendwa,

Wa aleikum salaam. Nilimsomea Mama Wangari kisa cha daraja, na sasa anataka anwani ya Sheikh. Anasema mtu wa dini anayelala mdomo wazi kituoni ni mtu wa kuaminika. Nimemwambia ana mke. Amekasirika, anasema hakuwa na maana hiyo.

Chumba kimekuwa kikubwa tangu Ayanle aondoke. Sikudhani ningesema hivyo kuhusu mtu anayekoroma vile.

Mengi umeniandikia, lakini hujaniambia jambo moja. Wewe na yeye mkoje nyumbani? Na Mwalimu Mwende je, amerudi?

Nilikukasirikia mwezi wa kumi. Ningekuwa mimi, ningemficha Ayanle hadi leo, na angekuwa bado anajificha. Nimeandika hili kwa herufi kubwa ili usiseme hukuliona.

Mwanao,
Liban


Galbet, Garissa
14 Desemba 2025

Liban, eedo,

Asalaam aleikum. Nimeliona. Nimemwonyesha hata Batula.

Mama yako anakusalimia. Mvua imekataa kuja na mbuzi wamebaki wawili. Familia sita kati ya nane zimerudi. Mzee Mutiso hatarudi. Ayanle alimwandikia barua Mwingi na haikujibiwa. Alimwandikia tena, ikarudishwa haijafunguliwa. Kanzu ya Sheikh bado iko vilevile, vipande kwenye mfuko, naye anasema hatampa fundi mwingine.

Mwende amerudi wiki iliyopita. Alinikuta nafua, akanishika mikono iliyojaa povu. Kisha akaniambia ameziona barua zangu, zile ulizozipiga picha ukamtumia mumewe kwa simu, na nimeanza kuandika sentensi ndefu mno. Jumatano darasa likafunguliwa. Tulikuwa kumi na wanne.

Katikati ya somo Ayanle akaja mlangoni. Hatukumtuma. Mwende alimwona, akaendelea kufundisha. Akamwacha amesimama kwenye jua hadi mstari wa mwisho. Wanawake wote tulitazama madaftari yetu, na nadhani hakuna aliyeandika kitu.

Alipofunga kitabu akatoka. Ayanle akaanza kuomba msamaha, naye akamkatiza.

"Ulipokuwa unaandika, ulinifikiria mimi? Ulikuwa unanifahamu. Nilikuwa namfundisha mama yako."

Ayanle angeweza kudanganya, akasema amelia, akasema hakupata usingizi. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Sikumfikiria mtu yeyote."

"Hilo ndilo lililoniuma," Mwende akasema. "Mwanangu mdogo bado anauliza kila mtu anayegonga mlango ana karatasi gani." Kisha akamwambia msamaha wake haujaiva, asimharakishe, lakini asiache kuja Jumapili, kwa sababu mtoto anahitaji kumzoea.

Umeniuliza mimi na yeye tukoje nyumbani. Sikukujibu kwa sababu jibu lilikuwa la aibu. Tangu siku ya daraja nilikuwa namwekea chakula, namfulia, na maneno yangu kwake yalikuwa mawili tu: kula, na funga mlango. Niliweza kumtetea mbele ya sheikh, mchungaji, polisi na hakimu, nikashindwa kukaa naye jikoni. Kila nikimwangalia nilisikia sauti yangu mwenyewe pale sokoni, ikisoma.

Jumatano hiyo alirudi nyumbani kabla yangu. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, hajawasha moto. Nikavuta kigoda kingine. Nikamwambia sikusikia vizuri alivyomjibu Mwalimu, kwa kuwa nilikuwa mbali, arudie. Nilikuwa nimesikia kila neno. Akarudia jibu lote, hakujipunguzia kitu. Nikamsikiliza hadi mwisho, kisha nikawasha moto wa chai, nikamuuliza atatia sukari ngapi. Miaka ishirini na sita nimemzaa, nikamuuliza hivyo. Akasema mbili, Hooyo, mama yangu, na akatia nne.

Njoo kabla ya Ramadhani. Na uje na huyo mkwe, au uje na maelezo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi.

Eedo yako,
Rukiyo Duale